Mifupa ya Ng'ombe Yasafisha Maji

Mchota maji wa Mkwaja, wilayani Pangani, akikuta kisima kimeingiwa na chumvi ya bahari, hujua mara anapoonja. Lakini floridi, madini mengine ya majini, haionjeki kirahisi hivyo. Kuzunguka Mlima Meru, maji huichukua kwenye miamba ya volkano, na dalili huonekana baada ya miaka: meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na waliokunywa nyingi kwa muda mrefu hukakamaa viungo au kupinda miguu.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floridi ikabaki sufuriani.

Huko Ngurdoto, Arusha, kituo cha utafiti cha serikali kimeendeleza dawa isiyotarajiwa: mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa tanurini kwa hewa kidogo, husagwa, huchekechwa, kisha chengachenga zake hujazwa kwenye ndoo yenye bomba. Maji yakipita polepole, madini ya mfupa huinasa floridi.

Moto ndio mtihani. Mifupa isipoiva, maji hutoka na harufu na rangi. Ikizidi kuungua, uwezo wa kunasa hushuka. Tena mkaa huchoka, ingawa maji huendelea kuonekana safi. Kwa hiyo maji yanayotoka bombani yanapaswa kupimwa mara kwa mara, na mkaa ubadilishwe kabla floridi haijapanda kupita kikomo.