Embe Umekula, Je, Umekula na Nini?

Huku kwetu Muheza msimu wa maembe ukipamba moto, hata mbuzi hula dodo akasaza. Nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, na bado majirani wananiletea watoto barazani. Swali lao ni lilelile: "Bibi nesi, huyu anashindia maembe, vitamini A si imemtosha?" Nami huwauliza: kala na nini?

Embe halina vitamini A iliyo tayari. Hiyo imo kwenye ini, mayai, maziwa na dagaa wanaoliwa wazima. Tunda lina karotini, ile rangi ya njano iliyokolea, na mwili ndio huigeuza. Karotini lazima ichomoke kwenye nyama ya tunda, iyeyuke katika mafuta, nyongo iisaidie kufika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ndipo kimeng'enya kiikate iwe vitamini A. Kila hatua kuna inayopotea, na nyingi huishia chooni.

Hesabu ya zamani ilikuwa nyepesi. Mwaka 1967 wataalamu wa FAO na WHO walikadiria kwamba mikrogramu 6 za beta-karotini ya chakula huzaa 1 ya vitamini A. Indonesia ndiko hesabu hiyo ilikovurugika. Mwaka 1995 Saskia de Pee, Clive West na wenzao walitoa matokeo ya akina mama wanaonyonyesha waliolishwa mboga za majani kila siku: damu yao haikuonyesha nafuu ya maana. Miaka mitatu baadaye wakaja na watoto wa shule. Kwa matunda zilihitajika takriban mikrogramu 12 kupata 1. Kwa mboga za majani, 26.

Sisemi mchicha utupwe. Una karotini nyingi kuliko embe, kwa hiyo sahani kwa sahani havipishani sana. Lakini piga hesabu ya embe uone. Gramu 100 za embe bivu zina kama mikrogramu 640 za beta-karotini, ingawa aina na aina hutofautiana. Gawa kwa 12, unabaki na 53. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama 300 kwa siku. Vipande viwili vitatu, basi, havimtoshi.

Papai ndilo linalonifurahisha. Ndani ya karoti, karotini imeganda vifuwele vigumu, na vingi hupita tumboni bila kuyeyuka. Katika papai haikuganda hivyo, iko kimajimaji zaidi. Katika embe imo ndani ya vitone vya mafuta. Utafiti uliotoka mwaka 2014, ambamo watu walilishwa papai, karoti na nyanya, zote mbichi, ulikuta beta-karotini ya papai ikiingia mwilini takriban mara 3 ya ile ya karoti au nyanya. Nasi karoti tunaifuata sokoni kwa hela, papai linaliwa na ndege uani!

Ila rangi isikudanganye. Wengi huchagua papai jekundu wakidhani ndilo lenye nguvu. Ule wekundu ni likopeni, sawa na wa tikiti maji, na likopeni haigeuki vitamini A hata kidogo. Papai la njano likiiva vizuri si duni. Na embe bichi la chumvi na pilipili ni la kuchangamsha ulimi tu, maana karotini huongezeka kadiri tunda linavyoiva.

Sasa mafuta. Mtoto anayekula embe juu ya mti, tumbo tupu, hafaidi kama aliyelila baada ya wali wa nazi na samaki. Wala hayahitajiki mengi: gramu 3 hadi 5 katika mlo, kama kijiko kimoja cha chai. Ile juisi ya vijiweni, parachichi chini na embe juu, nadhani ilibuniwa kwa ajili ya rangi, lakini wameotea pazuri, kwa kuwa mafuta ya parachichi huisaidia karotini kuingia mwilini. Wapunguze sukari tu.

Minyoo nayo huharibu mambo. Ndiyo maana siku ya matone ya vitamini A, mtoto aliyetimiza mwaka hupewa na dawa ya minyoo. Maembe hayafuti siku hiyo.

Mama mmoja aliwahi kuja mbio na mtoto mwenye viganja na nyayo za njano, keshajitangazia homanyongo. Nikamfunua mtoto macho: meupe pe. Kumbe nyumbani alikuwa akipondewa papai asubuhi na jioni. Mwili ukishatosheka, kimeng'enya hupunguza kasi, na karotini inayosalia hujikalia kwenye ngozi. Haidhuru, punguza papai, rangi itaondoka. Vidonge vya vitamini A na maini ni jambo jingine. Hivyo vinaweza kuzidi kiasi, na mjamzito ajihadhari.

Vitamini A iliyokwisha kugeuzwa huwekwa akiba kwenye ini, na akiba nzuri hudumu miezi kadhaa. Gambia, katika utafiti uliotoka mwaka 2002, watoto wadogo walipewa embe kavu kwa miezi minne, na hali yao ya vitamini A ikawa bora. Kukausha hata sisi tunaweza: kata vipande vyembamba, tandaza kivulini penye upepo, maana jua kali huila karotini. Halafu wape na karanga.