Imegonga nini?

Mashine ya kukatia nyasi inayogoma kuwaka baada ya kugonga jiwe huonekana nzima kabisa. Petroli ni safi, kabureta imesafishwa, plagi ikigusishwa kwenye bodi inatoa cheche, na kamba ikivutwa mkono unahisi pistoni ikibana hewa. Injini ndogo huhitaji mafuta, cheche na mbano, na vyote vipo. Bado haiwaki, au inalipua mara moja kupitia kabureta na kumnyang'anya mtu kamba mkononi. Wenye mashine wengi hununua kabureta mpya, kisha plagi mpya, na fedha hizo hupotea bure.

Fundi mzoefu huanza kwa kuuliza: imegonga nini? Kisiki, jiwe, bomba la kumwagilia, mzizi wa mwembe uliojitokeza juu ya ardhi: jibu lolote kati ya hayo humpeleka kwenye kabari ya flaiwili, kipande cha chuma laini, mara nyingi alumini, kinachoweza kufichwa ndani ya ngumi ya mtoto.

Kwenye mashine ya kusukuma, kisu hufungwa ncha ya chini ya krenkshafti. Ncha ya juu hubeba flaiwili, gurudumu zito lenye sumaku ukingoni. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme huzalishwa na plagi hutoa cheche. Katika injini nyingi za aina hii, wakati wa cheche huamuliwa na mahali flaiwili ilipokaa juu ya shafti, na kabari ndiyo inayoiweka mahali pake. Cheche inapaswa kuja kitambo kidogo sana kabla pistoni haijafika juu. Kisu kikigonga jiwe, shafti husimama ghafla, ilhali flaiwili iliyokuwa ikizunguka karibu mara 3,000 kwa dakika bado inataka kwenda. Kabari hukatika. Flaiwili huteleza nyuzi chache tu, na tangu hapo cheche nzuri kabisa huja wakati usiofaa.

Kabari iliyokatika nusu husumbua kuliko iliyokatika yote. Injini huwaka kwa shida, hukosa nguvu kwenye nyasi ndefu, na hurudisha kamba kwa kishindo. Mashine inaweza kutumika hivyo msimu mzima huku lawama zikibebwa na petroli.

Ukaguzi ni mwepesi. Kofia ya plagi huvuliwa kwanza, ili kisu kisije kikazunguka na mkono ukiwa karibu. Kifuniko cha juu hutolewa, nati hufunguliwa, kisha mifuo inamokaa kabari, wa shafti na wa flaiwili, hutazamwa kutoka juu. Ikiwa haikulingana, hata kwa unene wa kucha, kabari imekwisha. Flaiwili hung'olewa kwa pula, si kwa nyundo. Nyundo hupasua mapezi yake ya kupoozea.

Kabari mpya iwe ile ya mtengenezaji wa injini. Wapo wanaochonga ya chuma kigumu ili isikatike tena, na hilo ni kosa kubwa: safari ijayo kitakachoharibika ni mfuo wa shafti yenyewe. Kabla ya kurudisha, ncha ya shafti yenye umbo la koni hufutwa ikauke, bila grisi wala oili, kwa sababu mshiko wa flaiwili unatokana na mbano kati ya uso wa shafti na wa flaiwili. Nati ikazwe kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha injini. Nati iliyolegea hukata kabari bila jiwe lolote.

Mwisho hukaguliwa shafti. Kisu huzungushwa taratibu kwa mkono, plagi ikiwa imetolewa, na boliti yake ya katikati hutazamwa kama inayumba. Ikiyumba, shafti imepinda. Watengenezaji hukataza kuinyoosha, kwani inaweza kukatika ikiwa kwenye mwendo. Je, mwenye mashine anunue krenkshafti au injini nzima? Na yule anayekata nyasi za watu kwa kibarua, jiwe likiwa la mwenye uwanja, gharama hiyo ni ya nani?