Kisu kinachoua boksi zima

Mzigo ukifika dukani Kariakoo, kinachotangulia ni kisu. Boksi linachanwa juu, linakatwa pembe, sufuria zinatolewa, na muda si muda liko kando ya mtaro likikanyagwa. Limevuka bahari kutoka China bila kubonyea, halafu linafia mlangoni kwa mwenye duka.

Inauma, maana boksi hilo bado lilikuwa na kazi. Tazama ukingo wake: karatasi mbili zilizonyooka, na katikati yake moja ya mawimbi. Nguvu imo kwenye mawimbi hayo na kwenye pembe nne zilizosimama. Pembe zikikatwa, au boksi likilowa, huwezi kulirudishia uzima kwa selotepu. Lakini kisu kikipita juu ya selotepu tu, kwa wepesi, ukafungua na upande wa chini, ukalikunja kwa mikunjo yake ileile, linalala bapa na kuegeshwa ukutani pakavu hadi litakapohitajika.

Wanaotuma mizigo kwa mabasi ya mikoani wanalijua hili vizuri. Wananunua boksi tupu, wanafuta maandishi ya zamani, wanaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji wa Mbeya au Mwanza, safari inaanza upya. Viwanda navyo huyasaga maboksi kuwa karatasi mpya, na ni jambo jema, ila kila usagaji hufupisha nyuzi za karatasi, tena unakula maji na umeme. Boksi zima litumike kwanza likiwa boksi. Kusagwa kusubiri lichoke. Lililobeba viuatilifu, hata likiwa zima, lisiwekewe chakula kamwe.

Tangu Juni 1, 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi tukazoea vikapu. Vifungashio vinavyokuja na mzigo havijapata msukumo kama huo, ingawa mfano tunao miaka mingi: kreti ya soda. Mwenye duka hapewi iliyojaa mpaka arudishe tupu au aache fedha ya dhamana, ndiyo maana ni nadra kuikuta jalalani.

Wauzaji wa jumla wanaweza kuanza na wateja wao wa kila wiki: anayerudi na maboksi mazima apunguziwe kidogo kwenye mzigo unaofuata. Daftari la madeni lipo tayari; liongezwe safu moja tu ya maboksi yaliyorudi.