Mpiga ngoma wa roki aliyerudi kwenye mti uliochongwa

KWA Wakurya wa Nyanungu na kwingineko wilayani Tarime, mkoani Mara, litungu si chombo cha kuagizwa kiwandani. Ni mti uliokatwa, ukachongwa, ukakombwa ndani, ukawambwa ngozi na hatimaye kufungwa nyuzi nane. Anayetaka kulipiga sharti kwanza ampate fundi wa kumchongea, au ashike tezo mwenyewe.

Jirani zao Wajaluo, walioko Rorya na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, wanayo ala ya ukoo huo huo iitwayo nyatiti. Nayo ina nyuzi nane na bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi. Tofauti kubwa ipo katika umbo na sauti. Litungu ni kubwa na hunguruma kwa sauti nzito, ilhali nyatiti ni ndogo zaidi na sauti yake ni nyepesi.

Ni nyatiti hiyo iliyombadilisha kijana mmoja wa Nairobi, aliyeanza safari yake katika bendi ya roki akipiga ngoma na kuimba, hadi akajulikana duniani kwa chombo cha mti na ngozi. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda. Ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina la Ayub Ogada.

Kisa chake mara nyingi husimuliwa kana kwamba aliiacha ngoma na kufuata kinubi. Ukiichunguza nyatiti kwa makini, utaona kuwa ngoma hakuiacha kamwe.

Kutoka gitaa la umeme

Katikati ya miaka ya 1970, vijana wengi wa miji ya Afrika Mashariki walivutiwa na roki na muziki wa soul kutoka Marekani na Uingereza. Nairobi ilikuwa na kundi la Black Savage, lililochanganya magitaa ya umeme, kinanda na ngoma za Kiafrika. Seda alikuwa miongoni mwa wanamuziki wake.

Kundi hilo ndilo lililorekodi kwa mara ya kwanza, mwaka 1976, wimbo wa Kothbiro, jina ambalo kwa Kijaluo lina maana ya "mvua inakuja". Wimbo huo uliandikwa na Seda kwa kushirikiana na mwenzake, Mbarack Achieng.

Mwaka 1979 Seda alishiriki kuianzisha African Heritage Band. Bendi hiyo ilikuwa chini ya jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi, lililoanzishwa mwanzoni mwa muongo huo na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan.

Jumba hilo lilijaa vinyago, viti vya kuchongwa, vito na nguo kutoka pande nyingi za Afrika. Mwanamuziki aliyefanya kazi humo alizungukwa na mbao zilizopitiwa na mikono ya mafundi, na bendi yenyewe ilichanganya ala za kienyeji na za kisasa. Ni katika miaka hiyo ambapo nyatiti ilianza kuchukua nafasi ya mbele katika kazi ya Seda.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Jijini London alipiga muziki kwa wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi, akitegemea sarafu walizomtupia. Huko ndiko waandaaji wa tamasha la WOMAD walikomgundua, na mwaka 1988 akapanda jukwaa lao.

Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Humo Kothbiro ilirudi, safari hii bila kishindo cha roki. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu kubwa ya kisa chake inatokea Kenya.

Ngoma ndani ya kinubi

Kwa nini mtu aliyezoea kupiga ngoma aivutie nyatiti? Jibu liko katika namna chombo hicho kinavyotengenezwa na kupigwa.

Bakuli lake ni gogo lililokombwa hadi kubaki kuta nyembamba. Juu yake huwambwa ngozi ya ng'ombe, kwa namna ile ile ngoma inavyowambwa. Fito mbili hupandishwa kutoka kwenye bakuli na kuunganishwa na mti wa kukingama, ambao nyuzi hufungwa juu yake. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe, lakini siku hizi uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hutumika zaidi. Vipande vya matete na nta huwekwa mahali nyuzi zinapoegemea, na ndivyo vinavyoipa sauti ule mvumo wake.

Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelala ubavu mbele yake. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvishwa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo hugonga ufito wa chini wa nyatiti. Mguuni pia hufungwa njuga ziitwazo gara.

Kwa hiyo, wakati vidole vinacharaza nyuzi na mdomo unaimba, mguu unafanya kazi ya mpiga ngoma. Kazi ambazo bendi ya roki huwagawia watu watatu au wanne hufanywa na mtu mmoja. Mpiga ngoma anayeketi mbele ya nyatiti anakuta mguu wake tayari una kazi.

Fundi asiyetajwa

Uchongaji ndio unaoamua sauti. Kuta za bakuli zikibaki nene, chombo hukosa mvumo. Zikiwa nyembamba kupita kiasi, mti hupasuka ngozi inapokauka na kuvuta. Gogo lililochongwa likiwa bado bichi linaweza kujikunja na kuharibu kazi ya siku nyingi. Hayo yote fundi huyajua kwa mkono na sikio.

Hata hivyo, jina la fundi halionekani kwenye jalada la albamu. Mwaka 2018, rapa wa Marekani Kanye West alipotumia sehemu ya Kothbiro ya Black Savage katika wimbo wake wa Yikes, Ogada na Achieng walitajwa miongoni mwa watunzi. Sheria za hakimiliki zinamtambua aliyetunga na aliyerekodi. Aliyechonga chombo hutegemea malipo ya siku ile alipokikabidhi.

Matokeo yake ni kuwa ufundi huo huwavutia vijana wachache. Gitaa la kiwandani hupatikana dukani siku hiyo hiyo, lakini nyatiti au litungu huhitaji mti unaofaa, ngozi, muda na mwalimu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa urithishaji wake kwa vijana ulikuwa umedhoofika.

Ayub Ogada alirudi Kenya, akaishi Nyahera karibu na Kisumu, na huko ndiko alikofariki dunia Februari 1, 2019. Rekodi zake zimebaki, na sauti yake inaweza kusikika leo popote penye simu.

Lakini rekodi haifundishi kuchonga. Kijana wa Tarime anayevutiwa na muziki huo anaweza kuusikiliza wimbo mara mia na bado asijue gogo likombwe hadi wapi. Elimu hiyo imo mikononi mwa mzee mwenye tezo, na itaendelea kuwapo iwapo kuna kijana aliyeketi kando yake, na iwapo yupo mnunuzi aliye tayari kumlipa mchongaji kwa thamani ya kazi yake.