Unafunga sabufa na TV kubwa sebuleni? Soma hii kabla hujamaliza hela kwenye waya

Mtu wa Maramba akitaka sebule yake ifanane na ukumbi wa sinema, mara nyingi vifaa anavifuata Tanga mjini. TV, king'amuzi, sabufa. Waya anaukumbuka mwishoni, hela imebaki kidogo, na muuzaji anamwekea HDMI mbili mezani: moja nyeusi ya kawaida, nyingine imesukwa nyuzi, ina ncha za dhahabu na bei inayouma.

Chukua ya kawaida.

HDMI inabeba namba tupu, sifuri na moja. Zikifika zote, picha ni ileile hata waya ungekuwa wa bei gani. Zisipofika utajua tu: vidoti vinametameta, picha inakatika au skrini inakuwa nyeusi. Hakuna waya wa kuongeza rangi. Kwa king'amuzi kilicho chini ya TV, mita moja na nusu au mbili inatosha. Kama utatazama 4K, angalia boksi limeandikwa 18Gbps. Ukifunga projekta na waya ukawa mrefu, hapo ndipo ubora wa waya unaanza kuwa na maana.

Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu. Kwa mtu wa Moa, anayepigwa na upepo wa chumvi, ina faida kidogo. Kwenye picha haina lolote.

Halafu unakuta mtu kanunua TV ya inchi 55, lakini king'amuzi kakiunga kwa waya wa AV, ule wa njano, nyekundu na nyeupe. Waya huu wengi tuliuzoea mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukaanza kuunga ving'amuzi kwenye TV za kichogo. Ule wa njano unapitisha mistari 576 tu ya picha, wakati TV yako inaweza kuonyesha 1080 au zaidi. Inabidi iivute picha hiyo ijae skrini, ndo maana sura za wachezaji zinakuwa ukungu. Nyekundu na nyeupe usizitupe: hizo ni za sauti, na sabufa nyingi bado zinazitaka.

Sasa waya wa spika. Hapa ndipo hela yako inapaswa kwenda, na hapa ndipo watu wanabania.

Waya wa spika unapitisha nguvu yenyewe inayosukuma spika, kwa hiyo unene una maana. Chukulia spika ya omu 4 iliyo mita 10 kutoka kwenye sabufa. Sauti inakwenda na kurudi, jumla mita 20 za shaba. Waya wa milimita za mraba 0.75 utakuwa na ukinzani wa karibu omu 0.46, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inaishia kuupasha waya joto. Ukitumia wa 2.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.14. Spika ikiwa mita mbili tu kutoka kwenye sabufa, usijisumbue, hata mwembamba unafaa.

Ila si kila waya mwekundu ni wa shaba. Kuna waya nyingi za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, na ukinzani wake unakaribia mara moja na nusu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe palepale dukani. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Wakati wa kuunga, nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza spika moja, moja inasukuma hewa huku mwenzake anavuta, besi inapotea na unaanza kumlaumu aliyekuuzia. Ukihisi hivyo, zima, geuza waya za spika moja, sikiliza tena. Na usiache nyuzi mbili zilizo wazi zigusane, maana zinaweza kuunguza amplifaya.

Waya wa sauti usiulaze sambamba na waya wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ule mngurumo wa "mmmm" unaosikia sabufa ikiwa kimya mara nyingi unatoka huko. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Zinazopita juu ya dari ziingize kwenye bomba la plastiki, panya hawachagui bei.

Kitu cha mwisho ni radi, na milimani huku ya Usambara tunazijua. Zikianza kunguruma wakati wa masika, watu wanazima swichi ukutani na kuona wamemaliza. Waya wa dishi bado umeunganishwa juu ya paa, umeingia kwenye king'amuzi, ukatoka na HDMI hadi kwenye TV. Radi ikipiga karibu, inaweza kupita humo humo na kuua matundu ya HDMI ya vifaa vyote viwili. Mawingu yakianza kukusanyika, kabla radi haijakaribia, chomoa plagi zote, halafu fungua na ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukichelewa na radi ishafika juu yenu, usishike waya wowote, kaa mbali hadi ipite.