Tazama Mkia Kabla ya Kumrudisha Mtoni

Wavuvi wa ndoano katika mito ya Diwale na Mkindo, inayopeleka maji yake Wami, wanaombwa kuutazama mkia wa kila samaki wa jamii ya perege wanayemvua. Pezi la mkia wa sato, aliyeletwa kwa ufugaji, lina milia ya wima iliyopangana hadi ukingoni. La perege wa asili halina milia hiyo. Matope huificha, hivyo samaki asuuzwe kwanza. Sato huzaliana na perege, na machotara wakienea, mbegu ya asili hupotea. Sato akinaswa apelekwe jikoni, asirudishwe majini. Vifaranga wa bwawani wasiwe chambo, minyoo yatosha. Wenye mabwawa waweke wavu kwenye mfereji wa kutolea maji kabla ya masika. Mwenye shaka amwonyeshe samaki huyo ofisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero.