Masika, mashuka na mashine ya kunyonya unyevu

Masika yakiingia Unguja, mwenye nyumba ya wageni ya Shangani au Kiponda huhesabu mashuka kuliko anavyohesabu wageni. Kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kali zaidi, nguo iliyofuliwa asubuhi inaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, ikanuka uvundo, ikashika koga na kulazimika kufuliwa upya. Hapo sabuni, maji na ujira wa mfuaji vimelipwa mara mbili kwa kazi moja. Ndani ya Mji Mkongwe hali ni ngumu zaidi: vichochoro ni vyembamba, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyahifadhi.

Mashine ya kunyonya unyevu ni jawabu mojawapo, lakini si kila mashine. Ya kawaida ina kompresa kama friji: feni huvuta hewa, mvuke unageuka matone kwenye mabomba ya baridi na kudondokea ndooni, na hewa kavu inarudi chumbani ikiwa na joto kidogo. Aina ya pili hutumia dawa inayonyonya maji. Hiyo ni ya nchi za baridi. Kwetu itakula umeme zaidi na kugeuza chumba kuwa tanuri. Chukua ya kompresa.

Soma kibandiko kwa makini. Lita kwa siku zinazotangazwa mara nyingi hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali inayokaribiana na masika yetu. Watengenezaji wengine hupima kwenye nyuzi 27 na asilimia 60, ambako mashine hiyo hiyo hutoa pengine nusu. Kwa hiyo usilinganishe namba mbili kabla ya kujua zimepimwaje.

Sasa hesabu. Tuchukue mashuka 10 ya gramu 600 na mataulo 10 ya gramu 500, jumla kilo 11. Yakikamuliwa kwa mkono hubaki na maji karibu lita 11. Yakizungushwa kwenye mashine ya kufulia, karibu lita 6. Mashine ya lita 20 tuihesabie lita 10 kwa siku, maana nguo zikianza kukauka kasi hupungua. Lita 6 zitachukua kama saa 14, na kwa wati 350 hiyo ni uniti 5 hivi. Za kukamua kwa mkono zitakula uniti 9. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Tukuza. Mtu asiye na mashine ya kukamulia aanze na hiyo kwanza.

Kisha linganisha na dobi mwenye kikaushio. Tuseme anatoza shilingi 1,000 kwa kipande: vipande 20 kwa siku 30 za mvua ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Lakini usitumie idadi ya vipande vya Agosti, kwani Aprili na Mei wageni huwa wachache. Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu, dobi atashinda hesabu hiyo, au majirani wachangie mashine moja.

Chumba kifungwe. Dirisha la mbao lenye mianya huifanya mashine ikaushe hewa ya mtaa mzima. Siku za mwanzo maji mengi yatatoka ukutani, na ukuta ukikaushwa kupita kiasi chumvi yake hujitokeza na kumomonyoa lipu. Ukiweka kipimo asilimia 55 inatosha. Ongeza feni ndogo ipulize kati ya nguo.

Mashine zilizotumika kutoka Japani ni za volti 100, na kwenye volti 230 zitaungua bila transfoma. Umeme ukikatika, subiri dakika chache kabla ya kuwasha tena, kama friji. Tangu waya wa chini ya bahari wa megawati 100 uanze kazi mwaka 2013, hatujarudia giza la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, ila katikakatika ipo.

Wakulima wa karafuu huenda wakaitamani. Kilo 100 mbichi hutoa takriban kilo 30 kavu, yaani lita 70 za maji: mashine yetu ingehitaji wiki nzima. Jamvi na turubai bado ni rahisi.